Maswali tunayoulizana sisi walei kuhusu maisha ya Kikatoliki ya kila siku

Mimi ni mlei, sio padre wala mwanasheria wa Kanisa, ila maswali haya nayasikia kila mara, nje ya kanisa baada ya Misa, kwenye magrupu ya kwaya, kwenye meseji za usiku za mtu ambaye hajakomunika miaka na hajui aanzie wapi. Kinachoniuma ni kwamba wengi wamekaa mbali na sakramenti sababu ya sheria ambayo haipo. Mtu aliambiwa neno mlangoni pa ofisi ya parokia au na ndugu yake, akaamini, akaondoka, na hakuna aliyemfuata.

Kwa hiyo hapa natenganisha vitu viwili, Sheria ya Kanisa inasema nini na kipi ni mazoea tu ya mahali au maneno ya watu. Nikisema "kanuni ya" na namba, namaanisha Sheria za Kanisa za mwaka 1983 ambazo zinasomeka bure onlaini. Padre wako anayejua mazingira yako bado ni wa kumuuliza, ila nenda ukijua unachouliza.

## Misa na Komunyo

Nikichelewa Misa, imehesabika au haijahesabika?

Kanuni ya 1247 inatutaka tushiriki Misa Dominika na sikukuu za amri, haijataja dakika wala sehemu ya kuwahi. Ule msemo wa "ukiwahi Injili umepona" haumo kwenye sheria. Misa ni kitu kimoja, masomo na Ekaristi vinaenda pamoja, sasa aliyechelewa sababu mtoto kaamka na homa na yule anayeingia kila wiki padre akiwa anamalizia mahubiri hao ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anajijua yuko wapi.

Misa ya Jumamosi jioni inatosha kwa Dominika?

Inatosha. Kanuni ya 1248 inasema Misa ya jioni ya siku iliyotangulia au ya siku yenyewe, popote inapoadhimishwa kwa taratibu ya Kikatoliki. Haisemi lazima iwe parokia yako, kwa hiyo wale wanaoogopa kusali parokia nyingine wakiwa safarini wasiogope.

Nikiangalia Misa laivu kwenye simu au tivii?

Kama ni mgonjwa, mzee asiyetoka, unauguza mtu, au huna namna ya kufika, basi hubanwi na ile amri kabisa, na kuangalia Misa ni sala nzuri inayokuunganisha na wenzako. Kama unaweza kwenda na umeamua tu kubaki kitandani, kuangalia hakuchukui nafasi ya kwenda. Mwaka 2020 wakati wa korona maaskofu wengi walitoa ruhusa ya kutokwenda na watu wengine hawakuelewa vizuri kwamba ile ruhusa ilikuwa ya muda na ilikwisha. Mgonjwa wa nyumbani ana haki ya kuletewa komunyo, mwambieni paroko, msisubiri mpaka hali iwe mbaya.

Kufunga kabla ya komunyo ni muda gani?

Lisaa limoja kabla ya kupokea, sio kabla ya Misa kuanza (kanuni ya 919). Maji na dawa haviharibu mfungo. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi hata na hilo lisaa. Bibi na babu zetu walikuwa wanafunga toka saa sita usiku, hata maji hawanywi, ndo maana bado kuna watu wanaishi na ile hofu. Papa Pio XII alipunguza hadi masaa matatu mwaka 1957, na Papa Paulo VI akaweka lisaa limoja mwaka 1964.

Nipokee mkononi au mdomoni? Kuna watu wanasema mkononi ni dhambi.

Sio dhambi. Ruhusa ya kupokea mkononi ilianza kutolewa na Vatikani mwaka 1969 kwa nchi ambazo maaskofu wake waliomba, na palipo na ruhusa hiyo muumini ndiye anayechagua. Na upande wa pili, padre hawezi kukunyima komunyo sababu umetaka kupokea kwa ulimi au umepiga magoti, maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004 yamesema hivyo wazi kabisa. Kinachohuzunisha ni kuona mtu ametoka kumpokea Bwana halafu macho yake yote yako kwenye mikono ya jirani.

Naweza kukomunika mara mbili siku moja?

Ndiyo, mradi mara ya pili iwe ndani ya Misa unayoshiriki (kanuni ya 917). Mara ya tatu hapana, isipokuwa uko kwenye hatari ya kufa.

Nikibaki nimekaa wakati wa komunyo watu watanionaje?

Hili swali watu hawaliulizi kwa sauti lakini ndilo linalowatoa wengi kanisani. Benchi zima linasimama, wewe unavuta magoti pembeni ili wenzako wapite, mama mmoja anakuangalia, mtoto anauliza kwa nguvu mbona huyu haendi, halafu unabaki umeinamisha kichwa kwenye kitabu cha nyimbo ambacho husomi. Ukishapitia hiyo mara kadhaa unaanza kukaa nyuma, baadaye karibu na mlango, na baadaye haupo.

Kwanza, kutokukomunika hakutangazi chochote juu yako. Mtu anaweza kubaki sababu alikula dakika ishirini zilizopita, sababu ni mkatekumeni (bado anajiandaa kubatizwa), sababu alikomunika mara mbili tayari, sababu dhamiri yake inamwambia aende kitubio kwanza, na huyo wa mwisho anastahili heshima, sio kuchunguzwa. Wajibu wa kukomunika ni angalau mara moja kwa mwaka, hasa kipindi cha Pasaka (kanuni ya 920), zaidi ya hapo ni mwaliko. Kuja Misa bila kukomunika ni kushiriki Misa, umetimiza amri, umesali, umesikia Neno. Usikubali mtu akwambie "kama hukomuniki unakuja kufanya nini".

Pili, sisi tunaopita tupite. Macho mbele.

Nina tatizo la gluteni, nifanyeje?

Hostia lazima iwe ya ngano, kwa hiyo isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, ila zipo zenye gluteni kidogo sana na hizo Vatikani imezikubali. Kama hata hiyo inakudhuru unaweza kupokea Damu ya Kristo peke yake, na umepokea Kristo mzima. Ongea na padre sakristia kabla ya Misa, na omba kikombe chako kiwe kile ambacho hakikuwekewa kipande cha hostia.

## Kitubio

Nimekaa miaka mingi sijaungama. Naanzaje?

Unaanza kwa kusema hivyo hivyo. "Padre, sijaungama muda mrefu, nimesahau utaratibu, nisaidie." Mapadre wengi wakisikia hiyo sentensi wanakuongoza hatua kwa hatua, wanakuuliza maswali, hata sala ya kutubu wanakusomea unaifuatisha. Dhambi kubwa unazozikumbuka unazitaja kwa aina na kwa kadiri unavyokumbuka idadi, huhitaji kusimulia hadithi nzima wala kumtaja uliyefanya naye.

Kama padre wa parokia yako anakujua sana na unaona aibu, nenda parokia nyingine, ni halali kabisa. Una haki pia ya kuungama nyuma ya kizuizi usionekane uso. Na ukikutana na padre mkali akakufokea, pole sana, inatokea na inaumiza, ila tafadhali usiiache sakramenti sababu yake, tafuta mwingine wiki hiyo hiyo kabla moyo haujafunga tena.

Nikisahau dhambi moja, kitubio changu ni batili?

Hapana. Uliyoisahau kwa kweli imesamehewa pamoja na nyingine, ukiikumbuka baadaye na ni kubwa unaitaja kitubio kinachofuata. Tatizo ni ukiificha makusudi. Kuna watu wana dhamiri inayowasumbua, wanaungama Jumamosi na Jumatatu wanaona hawakusema vizuri wanarudi tena, hao washauri wao wa roho huwaambia wawe na padre mmoja wa kudumu na wamtii yeye badala ya wasiwasi wao.

Padre anaweza kumwambia mtu nilichoungama?

Hawezi, hata polisi wakimuuliza, hata mahakama ikimwita, hata maisha yake yakiwa hatarini. Siri ya kitubio haina ruhusa ya mtu yeyote kuivunja (kanuni ya 983), na padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo inaondolewa na Vatikani tu. Hata mtu aliyesikia kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni anabanwa na siri. Wewe uliyeungama ndiye hubanwi kuhusu dhambi zako, ila jifikirie kabla ya kusimulia ulichoambiwa.

Nilitoa mimba. Ni kweli hadi niende kwa askofu, au hadi Roma?

Sio kweli, na ningetaka kila mama aliyebeba hili peke yake alisikie. Toka Novemba 2016 Papa Francisko aliwapa mapadre wote wanaoruhusiwa kuungamisha uwezo wa kuondolea dhambi hii, bila kikomo cha muda. Padre yeyote wa kawaida, kwenye kitubio cha kawaida.

Kanisa linaona jambo lenyewe ni zito sana na halijabadilisha hilo, ila hata ile adhabu ya kutengwa na Kanisa inayoambatana nalo haimpati kila mtu. Aliyekuwa chini ya miaka 18, aliyefanya kwa hofu kubwa, asiyejua kabisa kwamba kuna adhabu kama hiyo, hatengwi papo hapo (kanuni ya 1324). Na wanaume mliolazimisha au mliotoa hela kisha mkapotea, kitubio hicho kinawahusu na nyinyi.

## Ubatizo na wasimamizi

Hatujafunga ndoa, padre anasema hawezi kumbatiza mtoto. Ni sheria?

Sheria inataka vitu viwili, mzazi mmoja angalau au mlezi halali akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki (kanuni ya 868). Ndoa ya wazazi haijatajwa. Padre anaweza kuahirisha kama hilo tumaini halipo kabisa, lakini hapo inabidi awaeleze sababu, na njia ya kulipata tumaini inaweza kuwa bibi anayemleta mtoto kanisani kila wiki au msimamizi makini.

Papa Francisko alilipinga waziwazi suala la kuwakatalia watoto wa mama wasioolewa, na Januari 2014 kwenye kikanisa cha Sistina alibatiza watoto, mmojawapo wa wazazi waliokuwa na ndoa ya serikali tu. Kutumia mtoto kama fimbo ya kuwalazimisha wazazi wafunge ndoa kunazaa pia ndoa za kulazimishana, na ndoa ya namna hiyo tunaijua inavyoisha (soma chini kwenye ubatili wa ndoa).

Nani anaweza kuwa msimamizi wa ubatizo?

Mkatoliki wa miaka 16 kwenda juu, aliyepata kipaimara na komunyo, anayeishi maisha yanayoendana na imani, na asiwe baba au mama wa mtoto (kanuni ya 874). Mmoja anatosha. Wakiwa wawili, mwanamume na mwanamke. Rafiki yako Mlutheri au Mwanglikana anaweza kusimama kama shahidi pembeni ya msimamizi Mkatoliki. Mtafute atakayemfundisha mtoto Baba Yetu, zawadi zitakuja zenyewe.

Nilibatizwa Kiprotestanti, nabatizwa upya?

Kama ulibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hubatizwi tena, unapokelewa. Wakiwa na shaka ya kweli baada ya kuuliza, wanabatiza kwa masharti (kanuni ya 869).

Maneno yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2020 Vatikani ilitamka kwamba kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" kunaufanya ubatizo usiwe halali, na mwaka 2022 jimbo la Phoenix kule Marekani lilitangaza kwamba padre mmoja alikuwa ametumia "tunakubatiza" kwa miaka mingi, maelfu ya watu wakaitwa wabatizwe. Mtu alikuwa mzazi, kaoa, kapata kipaimara, anagundua hakuwahi kubatizwa. Kwa hiyo ukisikia padre anabadilisha maneno ya sakramenti ili yapendeze, mwambie kwa upole na mapema.

## Ndoa, talaka na mengine ya nyumbani

Nimeachana na mwenzangu mahakamani. Bado naruhusiwa kukomunika?

Kama hujaoa au kuolewa tena na huishi na mtu mwingine, NDIYO. Talaka ya serikali peke yake haikuzuii komunyo, na Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, inasema wazi kwamba mwenzi asiye na kosa aliyeachwa bila kutaka hajatenda dhambi kwa hiyo talaka (namba 2386). Kila nikisema hivi kuna mtu anashtuka. Kuna kina mama waliokimbia kipigo, wakaambiwa na wenzao kwaya kwamba "wewe sasa huwezi", wakakaa miaka bila Ekaristi wakati walikuwa na haki nayo siku zote. Sheria yenyewe inaruhusu kutengana kama mwenzi anakuhatarisha wewe au watoto (kanuni ya 1153), na hatari ikiwa ya haraka unaondoka kwanza, taratibu zinafuata.

Na niliyeoa au kuolewa tena bila ndoa ya kwanza kutamkwa batili?

Hapa ndo penye mvutano. Mafundisho ya kudumu, yaliyorudiwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1981, ni kwamba wenzi wa namna hiyo wanaweza kupokea kama wameamua kuishi kama kaka na dada, bila tendo la ndoa. Mwaka 2016 Papa Francisko kwenye waraka wake kuhusu familia, Amoris Laetitia, alifungua njia ya mang'amuzi ya mtu mmoja mmoja pamoja na padre, na tanbihi moja, ya 351, ikasema kwenye hali fulani msaada huo unaweza kuhusisha hata sakramenti. Makardinali wanne wakampelekea maswali hadharani mwaka huo huo. Majimbo yameisoma tofauti na mpaka leo unaweza kukuta majibu mawili kwa mapadre wawili.

Ninachoweza kusema kama mlei ni kwamba usijipe ruhusa mwenyewe na pia usijifukuze mwenyewe. Tafuta padre mvumilivu, elezea yote, na kwanza kabisa ulizeni kama ndoa ya kwanza ilikuwa halali maana wengi hawajawahi hata kuulizwa.

Ubatili wa ndoa si ni talaka ya Kikatoliki tu, tena ya wenye hela?

Talaka inavunja ndoa iliyokuwepo. Ubatili unatamka kwamba siku ile ya harusi kuna kitu cha lazima kilikosekana hivyo kifungo hakikufungwa, mfano mtu alilazimishwa, alidanganya jambo zito ili akubaliwe, aliazimia toka mwanzo asizae kabisa au asiwe mwaminifu, au hali yake ya akili haikumwezesha kubeba ndoa. Yaliyotokea baadaye, usaliti, ulevi, kuchokana, yenyewe tu hayatoshi, ila yanaweza kuonyesha kilichokuwepo toka mwanzo.

Mageuzi ya Papa Francisko yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2015 yaliondoa ule ulazima wa hukumu mbili zinazokubaliana, yakaweka njia fupi mbele ya askofu kwa kesi zilizo wazi ambazo wote wawili wanakubali, na yakataka huduma iwe bure kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo umaskini usikuzuie kuuliza. Watoto je? Watoto wanabaki halali (kanuni ya 1137), huu uvumi wa kwamba wanageuka wa nje ya ndoa uzikwe kabisa.

Kinachochosha ni ushahidi. Anza kuandika historia yenu mapema, mlivyokutana, uchumba, wiki ya harusi, miezi ya kwanza, na majina ya watu waliowajua kipindi hicho. Mahakama ya Kanisa inataka kujua hasa kabla na siku ya harusi, sio ugomvi wa mwisho.

Mchumba wangu sio Mkatoliki. Lazima abadili?

Halazimishwi. Mkatoliki ndiye anayeahidi kutunza imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, mwenzake anajulishwa tu hiyo ahadi ili ajue (kanuni ya 1125). Akiwa Mkristo aliyebatizwa inahitajika ruhusa ya askofu, asiyebatizwa inahitajika kuondolewa kizuizi, na vyote kwa kawaida vinapitia ofisi ya paroko. Mtu anayebatizwa ili harusi ipite anajidanganya, na wakwe wanaoshinikiza hivyo hawamsaidii.

## Hela

Nisipolipa michango naweza kunyimwa sakramenti au mazishi?

Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na aangalie siku zote maskini wasikose sakramenti sababu ya umaskini wao. Tunao wajibu wa kulitegemeza Kanisa, kanuni ya 222 iko wazi, na parokia haijiendeshi yenyewe. Ila kiwango cha asilimia kumi hakimo kwenye Sheria za Kanisa, wala hakuna sehemu inayosema marehemu akaguliwe kadi yake ya michango kwanza. Kama hali yako ni ngumu kaseme kwa paroko mapema na kwa uwazi.

Misa ya marehemu "inanunuliwa"?

Hapana. Ni sadaka ambayo muumini anatoa kwa padre anayeadhimisha kwa nia hiyo, na kanuni ya 947 inataka hata harufu ya biashara isiwepo. Padre anahimizwa aombee nia za maskini hata bila sadaka yoyote (kanuni ya 945).

Tunaweza kuuliza hela zetu zimeenda wapi?

Mnaweza na mnapaswa. Kila parokia lazima iwe na halmashauri ya fedha (kanuni ya 537), wasimamizi wa mali wanatakiwa kuwapa waumini hesabu ya walichotoa (kanuni ya 1287), na mchango uliotolewa kwa kazi fulani utumike kwa kazi hiyo tu (kanuni ya 1267). Ukichangia paa likajengwa geti, una hoja. Kule juu pia maswali yameulizwa, Desemba 2023 mahakama ya Vatikani ilimhukumu Kardinali Angelo Becciu miaka mitano na nusu kwenye kesi iliyohusu pamoja na mengine jengo la London lililonunuliwa kwa hela za Vatikani, mwenyewe akakana na kukata rufaa. Kuuliza hesabu sio ukosefu wa imani.

## Mivutano inayotugawa

Ni kweli Kanisa limeruhusu ndoa za jinsia moja?

Hapana. Tamko la Vatikani la tarehe 18 Desemba 2023, Fiducia Supplicans, limeruhusu padre kutoa baraka fupi isiyo ya kiliturujia kwa watu wawili walio kwenye mahusiano yasiyo ya kawaida, wakiwemo wa jinsia moja, bila ibada, bila mavazi ya harusi, bila kuonekana kama ndoa. Mafundisho kuhusu ndoa limeyarudia yale yale. Januari 2024 maelezo yaliongezwa kwamba ni baraka ya sekunde 10 au 15 hivi, na tarehe 11 mwezi huo maaskofu wa Afrika kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wakatangaza kwamba kwa ujumla hawaoni inafaa kutolewa kwao.

Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na hekima ya tamko lile, mimi naona lilitoka bila maandalizi na mapadre wa kawaida ndo wakaachwa wajibu maswali mlangoni. Ila kusambaza kwamba "papa kahalalisha ndoa za mashoga" ni uongo. Na mtoto wako akikwambia jambo kama hili juu yake mwenyewe, Katekisimu namba 2358 inaagiza apokelewe kwa heshima, huruma na upole, bila ubaguzi usio wa haki.

Papa akisema kitu kwenye mahojiano, lazima nikiamini?

Kutokukosea kwa papa, kama Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa kwanza wa Vatikani ulivyotamka mwaka 1870, ni pale anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili kwa Kanisa lote. Mara ya mwisho kutumika kwa namna hiyo ya kipekee ni 1950, Papa Pio XII kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mafundisho mengine yanastahili utii wa heshima kwa viwango tofauti. Jibu la papo kwa papo kwenye ndege unalisikiliza kwa heshima, na usiamini kipande cha video cha nusu dakika, iwe ni Papa Francisko au Papa Leo XIV aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025.

Misa ya Kilatini imepigwa marufuku?

Watu wanachanganya vitu viwili. Misa hii hii tunayosali inaweza kuadhimishwa kwa Kilatini. Iliyobanwa ni ile ya vitabu vya kabla ya mageuzi, toleo la 1962, Papa Benedikto XVI aliifungulia mwaka 2007 na Papa Francisko akaibana Julai 2021 ikawa kwa ruhusa ya askofu. Wanaoipenda wengi wao wanatafuta ukimya na uchaji, na hiyo kiu tungeweza kuijibu parokiani kwetu kwa kuacha dakika moja ya kimya baada ya komunyo badala ya kujaza kila nafasi na wimbo.

Wanawake na upadre, na mapadre kuoa?

Haya ni maswali mawili ya uzito tofauti. Kuhusu wanawake kupewa upadre, Papa Yohane Paulo II mwaka 1994 alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka hayo kabisa. Useja wa mapadre ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, makanisa ya Mashariki yaliyo na umoja na Roma yana mapadre waliooa kabla ya kupewa daraja, na hata kwetu kuna waliokuwa wachungaji Waanglikana wenye wake.

Mengine yamesogea. Toka Januari 2021 wanawake wanaweza kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya altare, na Januari 2025 Sista Simona Brambilla akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara kuu ya Vatikani, ile ya watawa.

Nimejua mtoto amenyanyaswa na padre au kiongozi wa kanisa. Nifanyeje?

Nenda polisi. Hiyo kwanza, kabla ya kikao chochote. Msikilize mtoto, usimhoji mara kumi, mwambie unamwamini na kosa sio lake, mpeleke kwa daktari, andika tarehe na maneno yake kama alivyosema. Kisha peleka taarifa jimboni.

Sheria ya Papa Francisko ya Mei 2019, ikafanywa ya kudumu mwaka 2023, inawabana mapadre na watawa kutoa taarifa kwa uongozi wa Kanisa, inalitaka kila jimbo kuwa na mahali pa kupokelea, inakataza kumlipizia kisasi aliyeripoti na inakataza kumnyamazisha. Inahusu pia maaskofu wanaoficha. Desemba 2019 ile siri ya kipapa, yaani amri ya kutunza siri iliyokuwa inafunika kesi hizi, iliondolewa, kwa hiyo hakuna wa kukwambia "mambo ya Kanisa ni siri". Na sio maneno tu, Februari 2019 Theodore McCarrick, aliyekuwa kardinali, alivuliwa hata upadre.

Wako watakaokwambia unalichafua Kanisa. Aliyelichafua ni aliyemgusa mtoto. Jamani, waumini tuliokuwa tunanyamaza "kwa heshima ya Padre" tumewaacha watoto peke yao, na hilo liishe.

## Maswali ya pembeni ambayo hayakosi

Aliyejiua anaweza kuzikwa kwa Misa?

Anaweza. Sheria ya 1983 haimtaji kati ya wanaonyimwa maziko ya Kanisa (kanuni ya 1184), na Katekisimu namba 2282 na 2283 inasema mateso ya akili na hofu kubwa hupunguza uwajibikaji, na tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Familia inayokataliwa hapo iombe kuongea na askofu.

Kuchoma maiti?

Inaruhusiwa toka 1963 mradi isiwe kwa kukana ufufuko. Majivu yatunzwe mahali patakatifu, yasitawanywe, na kwa kawaida yasikae nyumbani, hayo ni maelekezo ya 2016.

Nina malalamiko juu ya paroko. Kulalamika ni dhambi?

Kanuni ya 212 inasema waumini wana haki, na mara nyingine hata wajibu, kuwaambia wachungaji maoni yao kwa faida ya Kanisa, kwa heshima. Kama ni mtoto yuko hatarini rudi juu kwenye swali la unyanyasaji, hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kwa mengine anza na yeye mwenyewe, uso kwa uso. Isipofaa andika barua kwa askofu ukiwa na jina lako, tarehe, kilichotokea na unachoomba, bila "watu wanasema". Barua moja ya ukurasa mmoja inasomeka kuliko sahihi mia zenye matusi. Na kama umepewa uamuzi rasmi wa maandishi unaokuumiza, usikae nao kabatini, kanuni ya 1734 inakupa siku kumi toka ulipojulishwa kumwomba aliyeutoa aubadilishe, akikataa una siku 15 za kukata rufaa kwa aliye juu yake (kanuni ya 1737). Baki na kopi ya kila kitu unachotuma, na omba sahihi ya aliyepokea.